Sisi na gorila: undugu huu ni wa namna gani, na unatuhusu nini sisi wa Mashariki?

Kila mara tunapopitisha redioni habari za gorila wa Kahuzi-Biega ao wa Virunga, simu zinaingia na swali moja linarudi: "Eti banasema sisi bantu tulitokeaka ku makako, ni kweli?" Wengine wanauliza wakicheka, wengine wamekasirika. Mwalimu wa biolojia anasema hivi, pasteri anasema vile, na mtoto wa shule anabaki katikati na kaye yake mkononi.

Swali hilo linastahili jibu la kweli, juu ya sababu tatu. Kwanza, magonjwa yaliyotuumiza miaka hii yanapita katika undugu huo. Pili, vita na makala vinamaliza pori ambamo wanyama hao wanaishi, na watu wa kandokando ya parki ndio wanaobeba mzigo. Tatu, habari hiyo ya "makako" ilitumiwa zamani kutukana mtu mweusi, na kidonda hicho hakijapona. Tuchukue jambo moja moja.

Watoto wa babu mmoja

Tuanze na kosa ambalo wengi wanalifanya. Sayansi haisemi kwamba mtu alitokea kwa gorila, wala kwamba gorila wa leo, akingoja sana, atageuka mtu. Inasema kwamba zamani sana kulikuwa viumbe ambao wametoweka, na uzao wao uligawanyika. Tawi moja lilienda mpaka kwa gorila, lingine mpaka kwa sokomutu na bonobo, lingine mpaka kwetu. Gorila si babu yako. Ni kama mtoto wa baba mukubwa, wa ukoo ambao mliachana naye zamani sana.

Ukitaka mfano wa karibu, angalia luga zetu. Mnande anasema omundu, Muluba wa Kasai anasema muntu, Mngala anasema moto, sisi katika Kiswahili tunasema mtu. Hakuna anayesema Kinande kilitoka katika Tshiluba, wala Lingala katika Kinande. Wataalamu wa luga wanasema zote zilitoka katika luga moja ya kale ambayo hakuna anayeisema tena. Watu walihama, wakaachana, maneno yakabadilika kidogo kidogo, mpaka siku moja hawakusikilizana. Ndivyo mageuko ya viumbe yanavyokwenda: vikundi vinaachana, kila kimoja kinaishi mahali pake na shida zake, watoto wanarithi mabadiliko madogo, na baada ya muda mrefu kabisa unapata viumbe wawili tofauti.

Mfano huo unajibu pia lile swali lingine: "Kama tulitoka pamoja, mbona gorila bado wako?" Wako kwa sababu ile ile inayofanya Kinande kiwepo hata kama Lingala iko. Kila tawi lilikwenda njia yake.

Muda wenyewe ni mrefu kuliko tunavyoweza kuwaza. Watafiti wanakadiria kwamba tawi letu liliachana na lile la sokomutu na bonobo karibu miaka milioni 6 ao 7 iliyopita, na lile la gorila mbele ya hapo, karibu miaka milioni 8 mpaka 10. Sokomutu na bonobo waliachana wao kwa wao baadaye sana, miaka milioni 1 ao 2 tu. Mto Kongo ndio uliwatenga: bonobo walibaki upande wa kusini wa mto, sokomutu upande wa kaskazini na mashariki. Ndiyo maana bonobo wa porini hawapatikani katika inchi yoyote ingine, na ndiyo maana Kongo yetu ndiyo inchi pekee duniani iliyo na gorila, sokomutu na bonobo wote watatu.

Wazee wetu waliona kufanana huku kabla ya wanasayansi. Jina "sokomutu" linasema lenyewe: ndani yake mna "mtu". Mwingereza David Livingstone, alipopita Manyema mwaka 1870 na 1871, aliandika kuhusu wanyama ambao watu wa kule waliwaita "soko". Hata kule Asia ya mbali, jina la yule mnyama mwingine wa jamii hii, orangutan, katika luga ya Kimalai maana yake ni "mtu wa msitu". Hakuna mmoja wao wote hawa aliye na mkia, na sisi pia hatuna.

Ushahidi ulioandikwa mwilini

Zamani watu walilinganisha mifupa, meno na mikono. Siku hizi wanasoma ADN, yaani ile maandishi iliyo ndani ya kila chembe ya mwili, ambayo mtoto anarithi kwa baba na mama. Ni ADN hiyo hiyo polisi na hospitali wanayotumia kujua baba halisi wa mtoto.

Mwaka 2005 watafiti walitoa ADN ya sokomutu na kuilinganisha na ya mtu. Mahali ambapo zinaweza kupangwa pamoja herufi kwa herufi, tofauti ilikuwa karibu asilimia 1,2. Mwaka 2012 walitoa ya bonobo na ya gorila. Bonobo yuko karibu nasi sawa na sokomutu, gorila anafuata nyuma yao kidogo.

Lakini tusidanganyike na namba hiyo. ADN ya mtu ina herufi karibu miliari 3, kwa hiyo asilimia 1,2 ni herufi karibu milioni 35. Tena ukihesabu vipande vizima vilivyoongezwa ao kupotea, tofauti inapanda. Kwa hiyo anayesema "sokomutu ni mtu kwa asilimia 98" amekosea. Herufi chache zilizobadilika mahali panapofaa zinaweza kubadilisha ubongo, sauti, mguu wa kutembea wima.

Kuna alama moja ambayo inashangaza. Sisi tuna kromosomu 46, gorila, sokomutu na bonobo wana 48. Mbili zilikwenda wapi? Katika kromosomu yetu namba 2, watafiti waliona mahali ambapo kromosomu mbili za zamani ziliungana na kuwa moja. Kiungo chake kinaonekana mpaka leo, sawa vile nguo iliyoshonwa inavyoonyesha mshono.

Na mifupa iko. Kule Chad, mwaka 2001, walipata fuvu walilolipa jina Toumaï, la karibu miaka milioni 7. Kule Ethiopia, mwaka 1974, walipata Lucy, wa karibu miaka milioni 3,2, aliyetembea kwa miguu miwili lakini ubongo wake ulikuwa mdogo. Hapa kwetu, Ishango, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edouard, ndani ya parki ya Virunga, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mwaka 1950 mfupa wenye mistari iliyokatwa kwa mpango, wa karibu miaka 20 000. Wengi wanauona kuwa moja ya alama za zamani kabisa za mtu kuhesabu. Ishango ni watu kamili kama wewe na mimi, na wanatukumbusha kwamba mtu amekaa kandokando ya gorila na sokomutu katika milima hii tangu zamani.

Tusi lililosimama juu ya uongo

Sasa tufike penye kidonda. Wakati wa ukoloni, neno "macaque" lilikuwa tusi la mzungu kwa Mkongomani. Mpaka leo katika viwanja vya mpira vya Ulaya kuna watu wanaotoa sauti ya nyani mchezaji mweusi akigusa mpira. Ndiyo sababu wengine wetu wakisikia "undugu na gorila", masikio yanafunga.

Kisa cha Ota Benga kinaonyesha uongo huo ulifika wapi. Alikuwa Mmbuti wa Kongo. Alipelekwa Marekani na kuonyeshwa kwa watu katika maonyesho ya St. Louis mwaka 1904. Mwaka 1906 aliwekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, katika nyumba ya nyani, pamoja na orangutan, watu wakija kumtazama. Wapasteri weusi wa Marekani walipinga mpaka akatolewa. Hakurudi tena Kongo. Mwaka 1916 alijiua. Shirika linaloendesha bustani ile, WCS, liliomba radhi hadharani mwaka 2020. Ni shirika hilo hilo ambalo kwa miaka mingi limefanya kazi na ICCN hapa Kahuzi-Biega.

Waliofanya vile walidai wanafuata sayansi. Waliweka watu kama ngazi: mzungu juu, mweusi chini, nyani chini yake. Sayansi ya kweli imevunja ngazi hiyo. Watu wote wa leo, Mzungu, Mchina, Mshi, Mbuti, wako katika tawi moja, na wote wako mbali na gorila kwa kipimo kile kile. Watu wawili wowote duniani wanatofautiana kwa herufi karibu moja tu katika elfu. Sokomutu wa Afrika peke yao wana tofauti nyingi kati yao kuliko watu wa dunia nzima. Anayemwita mwenzake makako amejitukana mwenyewe, juu babu zao ni wale wale.

Na kanisa je?

Hili tunaliulizwa kila mara. Kanisa Katolika halikukataza wazo la mageuko: Papa Pio wa 12, mwaka 1950, aliruhusu wasomi walichunguze, akishikilia kwamba roho ya mtu inatoka kwa Mungu. Papa Yohane Paulo wa 2, mwaka 1996, alisema wazo hilo limekuwa zaidi ya kudhania tu. Makanisa mengine, pamoja na mengi ya uamsho, yanasoma kitabu cha Mwanzo neno kwa neno na hayakubali. Kuna Waislamu wanaokubali sehemu na wanaokataa.

Kazi ya redio si kumtoa mtu katika imani yake. Lakini hata asiyekubali kwamba tulitoka pamoja anaweza kukubali kile ambacho daktari anakiona: mwili wa gorila na mwili wetu vimefanana sana. Hapo ndipo jambo linapoingia nyumbani mwetu.

Ugonjwa unapita pande zote mbili

Virusi inafanya kazi kama ufunguo. Ikizoea kufuli ya mnyama mmoja, inaingia kwa urahisi kwa yule mwenye kufuli inayofanana. Ndiyo maana Ebola inaua gorila na sokomutu kama inavyotuua sisi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika mpaka wa Gabon na Kongo-Brazzaville, watu waliambukizwa baada ya kushika mizoga waliyoikuta porini. Wakati huo huo, kule Lossi, watafiti walikadiria kwamba gorila karibu 5 000 walikufa. Sisi wa Beni, Butembo, Mangina na Mambasa hatuhitaji kuelezwa Ebola ni nini: ile ya tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018 mpaka mwezi wa 6 mwaka 2020 ilichukua watu 2 287.

SIDA nayo ina njia hiyo. Virusi yake kubwa inatoka kwa sokomutu wa kusini-mashariki ya Kameruni. Njia ambayo watafiti wengi wanaikubali ni damu ya nyama: mwindaji aliyejikata akichinja. Kisha, karibu miaka ya 1920, ilifika Kinshasa, na mashua na gari-moshi vya ukoloni vikaieneza.

Upande wa pili, sisi pia tunawaua. Kule Côte d'Ivoire, katika msitu wa Taï, ilithibitishwa kwamba mafua ya watu yaliua sokomutu. Kinachokulaza wewe siku mbili na chai ya tangawizi kinaweza kumaliza familia nzima ya gorila, juu mwili wao haukizoei. Ndiyo sababu mgeni anayepanda kuona gorila anavaa maski na anasimama mbali, na ndiyo sababu Virunga ilifunga ziara za gorila mwezi wa 3 mwaka 2020, wakati wa Covid.

Hapa tuseme pia ukweli juu ya mpox, maana kuna watu wanaoua nyani ovyo juu ya jina "variole du singe". Jina hilo lilikuja kwa sababu virusi ilionekana mara ya kwanza, mwaka 1958, kwa nyani waliofungwa katika maabara kule Denmark. Wanyama wanaodhaniwa kuibeba porini ni wadogo, kama vile panya wa msitu na kindi. Na ile iliyowaka Kamituga, mpaka OMS ikatangaza hatari ya dunia mwezi wa 8 mwaka 2024, ilikuwa ikipita kwa mtu na mtu. Kuua nyani hakukuzuia kitu.

Undugu huu umetuponya pia. Dawa moja ya Ebola iliyotumiwa Beni na Butembo, mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, na Profesa Muyembe wa INRB ni mmoja wa walioianzisha. Mbele ya kupewa watu, ilijaribiwa kwa nyani. Jaribio hilo lilikuwa na maana kwa sababu mwili wao unajibu karibu kama wetu.

Pori, makala, na watu

Gorila wa Grauer anaishi Mashariki ya Kongo peke yake: Kahuzi-Biega, Maiko, Itombwe, mlima Tshiaberimu. Katikati ya miaka ya 1990 walikadiriwa kuwa karibu 17 000. Hesabu iliyotolewa 2021 ilisema karibu 6 800. Bei ya koltani ilipopanda mwaka 2000, wachimbaji na watu wenye silaha waliingia Kahuzi-Biega, wakaishi kwa nyama ya pori, na gorila wakapungua.

Hapa undugu unaleta hesabu ngumu. Gorila jike anabeba mimba miezi minane na nusu, anazaa mara ya kwanza akiwa na miaka karibu 10, na anakaa karibu miaka 4 mbele ya kuzaa tena. Sungura ukiua kumi, mwaka ujao wamerudi. Gorila ukiua kumi, mtoto wako atakuwa mtu mzima na pengo bado liko.

Lakini hesabu ya watu nayo ipo. Goma na Bukavu zinapika kwa makala. Tangu miji hiyo miwili ichukuliwe na M23 mwanzoni mwa 2025, waliokimbia na waliorudi wote wanahitaji kuni, na anayelipisha kodi ya makala njiani ni mwenye bunduki. Mwaka 2007, katika Virunga, familia ya gorila iliyoitwa Rugendo ilipigwa risasi, na uchunguzi ulielekea kwa biashara ya makala. Na zaidi ya walinzi 200 wa Virunga wamekufa kazini. Wengi wao ni vijana wa hapa, walioacha wajane hapa.

Na kuna Batwa. Kahuzi-Biega ilipoundwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, walitolewa katika pori walimoishi, bila shamba, bila malipo ya haki. Mwaka 2018 wengine walirudi ndani kwa nguvu, na damu ikamwagika, ya Batwa na ya walinzi. Mwaka 2024 uamuzi wa Tume ya Afrika ya haki za binadamu ulitolewa hadharani: Kongo ilivunja haki zao. Tangu mwezi wa 7 mwaka 2022 tuna hata sheria ya kulinda watu wa asili, lakini Mtwa wa Kabare ao Kalehe bado anangoja ardhi.

Tukumbuke Ota Benga. Alidharauliwa kwa kuwekwa pamoja na nyama. Leo Mtwa anaona dunia inalia juu ya gorila na haimuoni yeye, na anasema: "Nyama iko na haki, miye sina." Hapo ndipo sisi tunaona undugu na gorila unatumiwa vibaya kwa mara ya pili. Kama gorila ni ndugu wa mbali, Mtwa ni ndugu wa nyumba moja. Ulinzi unaoanza kwa kumfukuza wa nyumbani hautadumu, juu aliyefukuzwa hana sababu ya kulinda. Tena yeye ndiye anayelijua pori.

Kitu cha kufanya

Kwa sisi raia, mambo ni machache na yanawezekana. Usishike wala usile mnyama uliyemkuta amekufa porini. Wajulishe watu wa afya ao ICCN. Usinunue nyama ya sokomutu ao gorila, hata iliyokaushwa kwa moshi: sheria ya mwaka 2014 juu ya uhifadhi inaikataza, na anayechinja ndiye wa kwanza kwenye hatari. Ukiona mtoto wa sokomutu anauzwa, ujue mama yake aliuawa, mara nyingi na wengine pia. Kule Lwiro kuna kituo kinachopokea yatima hao tangu mwaka 2002. Ukiwa na kikohozi, usiingie kwa gorila, hata kama umelipa.

Kwa wenye mamlaka, popote walipo na bendera yoyote waliyoshika: mama wa Goma ataacha makala ya Virunga siku atakapopata moto mwingine wa bei anayoiweza. Mtwa atalinda Kahuzi-Biega siku atakapopata ardhi yake na sauti katika mikutano ya parki. Mambo hayo mawili hayahitaji utafiti mpya. Maamuzi yameandikwa, sheria imetiwa sahihi, na kinachongojewa ni kuitekeleza.

Na kwa mtoto wa shule aliyebaki katikati: mwulize mwalimu wako akuonyeshe mahali kromosomu namba 2 iliposhonwa. Kisha mtu akikuita makako, utajua la kumjibu.